Mtoto wa Haruni Sonara, na Kosa Ambalo Sikuliombea Radhi

Mwezi uliopita niliacha kazi ya ukalimani wa korti. Siku ya kuagana karani mkuu aliniomba niwaandikie ninyi vijana mnaoshika nafasi yangu, mpate kujua kazi ilivyokuwa. Kisha akaniinamia sikioni: "Lakini, Mzee Omari, lile shauri la mtoto liache. Limeshapita." Nilimjibu kwamba nimesikia, na kweli nilisikia. Zaidi ya hapo sikumwahidi kitu.

Nilianza kazi wakati Waingereza hawajakaa sana mjini, na Kariakoo bado watu wakiiita kambi, kwa sababu wapagazi wa vita walikuwa wamelazwa pale. Kiarabu nilikipata katika duka la Mwarabu mmoja wa Mtaa wa Msimbazi, nilikokuwa nikipima tende. Kiingereza nilikipata skuli, na kilikuwa Kiingereza cha kitabuni: niliweza kueleza habari za simba na panya, nisiweze kuuliza choo kiko wapi. Siku ya kwanza nilivaa kanzu mpya, nikapita mlango usio wangu. Askari akanikalisha kwenye benchi pamoja na wezi wawili wa kuku. Nilikaa nao kwa adabu mpaka mkalimani akaitwa kwa jina, nikasimama, na wale wezi wakanitazama kama mwenzao aliyebahatika.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Feruzi, Mungu amrehemu. Alikuwa amewafasiria Wajerumani, na Waingereza walipoingia walimkuta amekaa kwenye kiti kilekile, wakamwacha. Alinifundisha kusimama ubavuni mwa shahidi, si mbele yake, nimwone mdomo. Alinifundisha kusema "mimi".

"Shahidi akisema 'nilimpiga', nawe sema 'nilimpiga'," aliniambia. "Usiseme 'anasema alimpiga'. Hakimu hakukuajiri umtolee hadithi."

Alinipa pia daftari, akaniamuru niandike majina ya jamaa, upande wa baba kushoto, upande wa mama kulia. Kiingereza kina neno moja tu kwa ami na mjomba, na watu wameshapoteza mashamba yao kwa neno hilo moja. Daftari hilo ndilo chombo kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kutumia. Kalamu za ofisi hazikuandika vizuri wakati ule, na nasikia hata leo haziandiki.

Amri yake ya mwisho ilikuwa kwamba mkalimani hana maoni. Akiwa nayo, ayaache nje pamoja na viatu. Nawaambieni kuwa amri hiyo ni nzuri, na niliishika miaka yote ya kazi isipokuwa mara moja. Nitawaeleza mara hiyo.

Haruni nilikutana naye kwa sababu ya kofia. Alikuwa sonara, Myahudi wa Aden, mwenye kibanda cha kufua fedha karibu na soko. Mwizi alikuwa amemwibia bangili za watu, akakamatwa, na Haruni akaja kutoa ushahidi. Hakimu alikuwa mgeni na mkali wa adabu. Alimwona shahidi amevaa kofia, akasema ivuliwe. Nikamfasiria kwa Kiarabu.

Haruni akashika kofia yake kwa mikono miwili, si kuivua, bali kuizuia. "Mwambie hakimu, nikiapa kichwa wazi sitakuwa nimeapa. Sisi twaapa kwa Torati, na kichwa kimefunikwa. Akitaka nivue, nitavua na kwenda nyumbani, na mwizi aende zake."

Nilifasiri neno kwa neno, kwa sauti ileile. Hakimu akawa mwekundu. Mzee Feruzi alikuwa amekaa nyuma, akanyanyuka polepole, akamwonyesha hakimu kitabu cha kanuni mahali palipoandikwa habari za kiapo cha Mayahudi. Hakimu akasoma. Haruni akaapa na kofia yake kichwani, na tangu siku hiyo mimi na yeye tukawa watu wa kusalimiana.

Nilizoea kupita kibandani kwake nikitoka kazini. Alikuwa mfupi, vidole vimeungua ungua kwa tindikali, mcheshi kwa Kiarabu na bubu kwa Kiswahili. Aliishi na Bi Mwajuma binti Kondo, Mzaramo, aliyeuza tumbaku ya kutafuna sokoni. Walikuwa na mtoto mmoja wa kike. Mama akimwita Rehema, baba akimwita Raheli, na mtoto akiitika kote. Alipenda kukaa chini ya meza ya baba yake akipanga mawe ya mizani, dogo hadi kubwa.

Siku moja nilimwuliza Haruni bila kupepesa macho, kwa kuwa ndivyo tulivyozoeana: "Huyu mtoto ni Myahudi?"

Aliendelea kupuliza moto wake. "Hapana. Kwetu mtoto ni wa mama. Mama akiwa Myahudi, mtoto ni Myahudi, hata baba awe Mwarabu, awe Mzungu, awe nani. Mama asipokuwa Myahudi, mtoto hawi, hata baba yake awe mjukuu wa Nabii Daudi. Na ndoa yangu na mama yake kwa sheria yetu si ndoa."

"Na kwetu pia si ndoa," nikamwambia. "Hakuna kadhi atakayemwozesha Mwislamu mwanamke kwa Myahudi. Kwa hiyo na kwetu mtoto anarudi kwa mama."

"Basi vitabu vyote viwili vimepatana," alisema. "Havikupatana kwa mengi, lakini kwa kuninyang'anya binti yangu vimepatana."

"Hakuna njia yoyote?"

"Iko. Akikubaliwa na baraza la watu watatu wanaojua sheria, akatiwa katika maji ya tohara, anakuwa wetu, na akibaleghe anaulizwa kama anataka kubaki. Nitawapata wapi watu watatu? Hapa mjini kuna mmoja, naye hanisalimii."

Mmoja huyo alikuwa mnunuzi wa ngozi, Myahudi wa Ulaya, ambaye mji mzima ulimwita Bwana Ngozi. Alikuwa msomi wa Torati na mtu wa maneno makavu. Alipojua Haruni anaishi na Mwajuma, aliacha kumwamkia.

Haruni alikufa kwa homa ya mkojo mweusi, ameugua siku nne tu. Bwana Ngozi ndiye aliyemzika, maana hakuweza kumwacha maiti wa kwao bila mzishi. Alimwosha mwenyewe na kusimama kaburini peke yake na kitabu chake. Mwajuma na mtoto walisimama mbali. Hakuwafukuza, wala hakuwaita.

Haukupita mwezi, akatokea bwana mmoja wa ofisi ambayo sitaitaja. Kazi yake ilikuwa kushughulikia machotara. Alisikia kuna mtoto mweupe mweupe anakaa nyumba ya udongo na muuza tumbaku, akaenda kumtazama, akarudi na karatasi. Ilisema baba wa mtoto hakuwa mwenyeji, bali Myahudi. Mtoto hufuata baba. Kwa hiyo mtoto ni Myahudi na si mwenyeji, na haifai akulie katika mtaa wa wenyeji kwa mwanamke ambaye hakuolewa kwa sheria yoyote. Aondolewe, apelekwe katika nyumba ya kulelea watoto kule bara, safari ya siku mbili kwa garimoshi.

Shauri likaja kortini kwetu. Mwajuma aliletwa na tarishi, amemshika mtoto mkono, kanga zote mbili mpya. Mimi ndiye niliyesimama ubavuni mwake.

Hakimu hakuwa yule wa kofia, alikuwa mwingine, mzee, mpole, mwenye kuchoka mapema. Alimwuliza yule bwana: "Una hakika mtoto hufuata baba kwa sheria za Mayahudi?"

"Bila shaka, Bwana. Ndivyo ilivyo kwa Waarabu, kwa Wahindi, na kwetu sisi. Itakuwaje kwao iwe vingine?"

Nilifasiri maneno hayo kwa Kiswahili, kwa "mimi", kama nilivyofundishwa. Nikayasikia yakitoka mdomoni mwangu nami nikijua kuwa ni uongo. Yeye hakujua, alidhani tu, naye alizoea kudhani kwa sauti kubwa. Lakini mimi nilijua. Nilikuwa nimeambiwa na baba wa mtoto mwenyewe, na nilikuwa mtu pekee mle ndani asiyeruhusiwa kusema.

Hakimu aliahirisha shauri wiki moja. Nje, Mwajuma alinishika mkono wa kanzu.

"Kaka Omari, kile kitabu cha baba yake kinasema nini? Wewe ulikuwa unazungumza naye."

"Bi Mwajuma, mimi ni mkalimani wa korti. Siruhusiwi."

"Sikuulizi unaruhusiwa nini."

Nilirudi nyumbani, mtaa wa Gerezani, nikala, nikaswali, sikupata raha. Asubuhi yake nilikwenda kwa Mzee Feruzi, ambaye wakati huo alikuwa ameshaacha kazi na macho yamemwisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sauti yako ina kosa ndani yake. Umefanya nini?"

"Bado sijafanya."

Nilimweleza. Akasema, "Ukifanya, watakuondoa."

"Najua."

"Basi mbona umekuja kuniuliza? Ulitaka nikukataze upate kusema ulikatazwa? Sikukatazi. Nenda kazini kwako." Akageukia ukuta. Nilikasirika siku ile. Sasa naona alinifanyia wema mkubwa kuliko masomo yote.

Mchana nilikwenda kwa Bwana Ngozi. Ghala lake lilinuka vibaya, na yeye alikuwa katikati ya ile harufu, amevaa koti na kofia, anasoma. Alizungumza Kiswahili cha dukani, kigumu lakini kinaeleweka.

"Bwana, nimekuja kwa habari ya mtoto wa Haruni."

Alifunga kitabu. "Mtoto huyo si wetu. Haruni alijua. Nilimwambia mara moja, sikumwambia tena. Mama si Myahudi, mtoto si Myahudi. Sina cha kumsaidia."

"Hayo hayo, Bwana. Ninakuomba uje uyaseme mbele ya hakimu."

Alinitazama kama mtu aliyejiandaa kusukuma mlango akakuta uko wazi. "Unataka nimkatae mtoto kortini?"

"Wanataka kumchukua kwa mama yake kwa kusema ni Myahudi. Wewe ukisema si Myahudi, hawana karatasi."

Alipapasa jalada la kitabu. Baadaye akasema, "Miaka saba nilimpita yule mtoto sokoni. Nilisema sheria ni sheria. Sikujua sheria hii ingeweza kumtetea mtu." Kisha akawa mkali tena: "Lakini sitasema zaidi ya kilichoandikwa. Sitalia, sitaomba."

"Usiombe, Bwana. Sema kilichoandikwa tu."

Wiki ilipotimia, Mwajuma alisimama akasema ana shahidi. Nilifasiri. Bwana Ngozi akapanda kizimbani na kofia yake, na safari hii hakuna aliyemwambia aivue. Aliapa kwa Torati. Alizungumza Kiingereza, nami nikamfasiria Mwajuma.

"Kwa sheria yetu," alisema, "mtoto wa mwanamke asiye Myahudi humfuata mama katika kila jambo. Mtoto huyu si wetu, na watu wa baba yake hawana dai juu yake. Kama hakuna ndoa kwa sheria yetu, na hapa haikuwepo wala isingeweza kuwepo, jambo hili halina hata mjadala."

Yule bwana wa ofisi akaruka. "Hata kama baba alimkiri ni wake?"

"Hata angemkiri kila asubuhi. Kukiri kwake kunaonyesha alikuwa baba mwema. Hakumfanyi mtoto awe Myahudi. Mtoto mwenyewe akitaka siku moja, akiwa mkubwa, mlango upo, naye ndiye atakayeubisha. Si wewe, Bwana, wala si serikali."

Niliyafasiri hayo kwa Mwajuma: "Mtoto huyu si wetu." Nilimwona anavyoumia. Hata jambo likiwa na faida kwako, si rahisi kusikia mtu akisema hivyo juu ya mwanao mbele ya watu. Akasimama bila kuulizwa.

"Mwambie hakimu," alisema, "mimi nilimzaa kwa uchungu wa siku mbili, na baba yake amekaa nje ya pazia anatetemeka. Majirani wakaniambia mtoto wa Myahudi. Huyu Bwana Ngozi akasema mtoto wa Mswahili. Yule bwana wa karatasi anasema mtoto wa serikali. Leo wamefika wote hapa kunipa kilichokuwa changu tangu mwanzo. Mwambie sitashukuru. Na mwambie, kama wataka kumchukua, wamchukue mbele yangu sasa hivi, mchana, watu wakiona, si kwa karatasi."

Nilifasiri yote. Nilitumia "mimi" yake, na nakiri kwamba sauti yangu ilipanda kuliko ilivyohitajika.

Yule bwana alibakiwa na swali moja, nalo alilijua kuwa ni zuri. "Shahidi, nani aliyekuambia habari za shauri hili?"

Bwana Ngozi hakujua kusema uongo, hata ule mdogo wa kusahau. "Mkalimani huyu."

Hakimu akanigeukia. "Ni kweli?"

"Ni kweli, Bwana. Nilimwendea ghalani kwake."

Mwajuma alikuwa haelewi Kiingereza, na kazi yangu ilikuwa kumfasiria kila kinachosemwa. Kwa hiyo nilimgeukia, nikajifasiria mwenyewe kwa Kiswahili: "Ni kweli, Bwana. Nilimwendea ghalani kwake." Watu nyuma wakacheka. Mimi sikucheka.

Hakimu alikaa akiandika muda mrefu. Kisha akasoma kwamba ushahidi wa pekee wenye elimu mbele yake unaonyesha mtoto humfuata mama; kwamba mama ni mwenyeji na anamlea vyema; kwamba ombi la kumwondoa limekataliwa. Mwisho akaongeza kwamba mkalimani amevuka mpaka wa kazi yake na habari zake zipelekwe kwa wakubwa.

Nje, Bwana Ngozi alisimama mbele ya mtoto, akamwuliza jina.

"Rehema. Na Raheli."

"Mimi nilisema si wetu," alimwambia kwa Kiswahili chake kigumu. "Sikusema si wa baba yako. Umesikia?" Akaenda zake bila kungoja jibu. Lakini tangu siku hiyo, akipita sokoni, alisimama kwenye meza ya Mwajuma akaamkia. Tumbaku hakuitafuna maisha yake yote.

Kesho yake niliitwa. Barua ya kuomba radhi ilikuwa tayari imepigwa chapa, imebaki jina langu tu. Ilisema nimekosa kwa kutojua. Niliwaambia sitaweka jina chini ya neno hilo, kwa kuwa nilijua kila kitu nilichokuwa nakifanya. Wakaniambia basi iandikwe nilikosa kwa kujua. Nikasema hiyo ina ukweli nusu, kwa sababu kujua nilijua, kukosa sikukosa. Wakaona nawachosha.

Walinitoa kortini, wakanipeleka chumba cha nyuma kutafsiri matangazo ya mbwa na ya taka. Nilikaa huko miaka kadhaa. Nilipata kujua sana sheria za mbwa. Aliyeshika nafasi yangu alikuwa kijana mzuri, ila hakuwa na daftari, akamfanya mjomba kuwa ami katika shauri la shamba la minazi, na urithi ukaenda nyumba isiyo yake. Ndipo wakaja chumba cha nyuma kuniita. Nilirudi. Hakuna aliyenitajia barua, nami sikuitaja.

Kwa hiyo ninyi vijana, shikeni ile amri ya Mzee Feruzi. Msiongeze neno, msipunguze neno. Mkalimani anayefasiri kwa kupendelea ni hatari kuliko shahidi mwongo. Mimi sikubadili neno lolote la mtu yeyote katika shauri lile, na nitaapa hivyo kwa Msahafu mkitaka. Nilichofanya, nilikifanya nje, kwa miguu yangu, mchana. Kama mtu atawaambia hilo nalo ni kosa, mwambieni Mzee Omari anakaa Gerezani, aje.

Mwaka huu, kabla sijaacha kazi, Rehema aliolewa. Mchumba alikuwa fundi cherehani wa Ilala, kijana mtulivu. Niliitwa niwe shahidi. Kwa vile Rehema hakuwa na baba kwa sheria, kadhi mwenyewe ndiye aliyemwozesha. Kadhi alikuwa mtu mwema, mwenye kufuata kitabu, na kabla ya kufungisha aliuliza kwa sauti ya kufika nyuma ya pazia walikokaa wanawake: "Bibi arusi tumwite binti wa nani? Kwa sheria atajwe kwa mama yake."

Sauti ya Rehema ikatoka ndani, wala haikuwa ndogo kama ya mabibi arusi. "Shehe, sheria ya baba yangu ilinipa mama. Sheria ya mama yangu imenipa mama. Nimeshukuru, mama ninaye. Baba hakuna sheria iliyonipa, basi huyo nimejipa mwenyewe. Niandike Rehema Haruni."

Yule fundi cherehani alitazama mkeka. Kadhi alipangusa miwani yake, akafikiri.

"Katika ndoa nitasema kama sheria inavyosema," alijibu. "Katika daftari kuna mahali pa jina ambalo mtu anajulikana nalo mtaani. Hilo ni lako, mwanangu. Hapo siwezi kukuzuia."

"Mtaani wote wananijua, Shehe."

Akafungisha ndoa, kisha akaandika Rehema Haruni, herufi kubwa kubwa, akakausha wino, akainua mikono kuomba dua. Hakufika katikati. Nyuma ya pazia Mwajuma alipiga kigelegele. Wanawake wakamnong'oneza angoje dua iishe. Hakungoja.